Tumbo la Baba

Wateja wangu ndio waliogundua kabla yangu. Mimi ni fundi wa nguo pale Kiritiri, na mwanamke akisimama mbele ya fundi ili apimwe, yeye naye humpima fundi kwa macho. Mmoja aliniuliza mimba ilikuwa ya miezi mingapi. Mwingine aliniletea blanketi dogo la mtoto, akaliacha juu ya cherehani na kuondoka akicheka. Nilikuwa nimepita miaka arobaini, na mtoto wangu wa pekee, Wanja, alikuwa shule ya upili. Nikacheka nao. Jioni nilipofunga duka nilichukua tepu nikajizungushia kiunoni, nikaiondoa haraka kana kwamba kuna mtu ananiangalia.

Sketi zangu zote nilikuwa nimeshazitoa pindo za pembeni. Baadaye niliacha zipu, nikaanza kujishonea za lastiki. Miguu na mikono ilibaki myembamba kama ya msichana, ila tumbo lilikuwa gumu, limejaa pembeni kuliko mbele. Nikiinama kuokota uzi nilihisi kama nimebeba mawe mbavuni.

Mume wangu Njeru hufanya biashara ya mbuzi, si mtu wa maneno mengi. Siku moja tukipukuchua mbaazi aliniambia bila kuinua macho, "Mama Wanja, kama ni mtoto, niambie. Mimi nitafurahi."

"Si mtoto. Nimepimwa."

"Basi ni nini?"

"Sijui, Baba Wanja."

Aliweka ungo chini. "Kesho mbuzi watanisubiri. Twende Embu."

Embu walinipima presha, wakanipima tena kwa mashine nyingine wakidhani ya kwanza ni mbovu. Kisha nikapelekwa kupigwa picha ya tumbo. Mama aliyekuwa akipiga picha alikuwa mchangamfu, alinipaka mafuta baridi huku akinisimulia jinsi ndengu zilivyokauka shambani kwao. Akakisogeza kile kifaa upande wa kulia, akakipeleka kushoto, akaacha kuongea habari za ndengu. Akaita mwenzake. Wakaangalia wote wawili.

"Mama, kwenu kuna mtu aliyekuwa na shida ya figo?"

"Hapana."

"Wazazi wako hai?"

"Mama yuko. Baba alifariki."

"Alifariki na nini?"

Swali hilo sikulijibu. Kwetu lilikuwa na jibu moja tu, na halikuwa jibu la kumpa mtu aliyevaa koti jeupe.

Nilizaliwa Muthara, upande wa Tigania. Baba alikuwa mkulima wa miraa, mtu mrefu mwembamba aliyepanda miti yake bila ngazi. Tumbo lake lilianza kujitokeza nikiwa bado shule ya msingi. Mwanzoni watu walimtania kwamba ameonja utajiri. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, mkojo ukawa mwekundu, akaacha kupanda miti. Alikuwa akikaa nje kwenye kiti, akijikuna mikono mpaka ngozi inachubuka. Alilazwa, akatolewa, akalazwa tena. Siku alipozikwa sanduku lilitengenezwa pana kuliko la kawaida.

Kabla tumbo halijaonekana, baba alikuwa amekunywa uji nyumbani kwa ndugu yake mdogo, siku ya kazi ya pamoja shambani. Uji huo ulipikwa na mke wa ndugu yake, ambaye sote tulimwita Mama Mwiti. Sijui ni nani aliyekuwa wa kwanza kuunganisha uji na tumbo. Ninachojua ni kwamba kufikia siku ya mazishi watu wote wa upande wetu walikuwa na hakika.

Hakuna aliyempiga Mama Mwiti wala kumfukuza. Waliacha tu kula kwake. Kanisani akipita na birika la chai, watu walisema wameshiba. Mama yangu alitukataza kumsalimia, nasi tulitii. Miaka michache baadaye mume wake, yule ndugu wa baba, alianguka ghafla shambani akiwa ameshika kichwa, akafa kabla hajafikishwa hospitalini. Ungedhani angalau siku hiyo mtu angemhurumia. Watu wakasema uchawi umemrudia mwenyewe.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu nikiwa nimelala pale na mafuta baridi tumboni.

Daktari wa figo alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye sauti ya chini. Alinigeuzia skrini. Niliona duara nyeusi, kubwa na ndogo, zimebanana hata figo yenyewe huioni. "Hivi ni vifuko vya maji," akasema. "Viko kwenye figo zote mbili. Umezaliwa na ugonjwa huu, ila hukua polepole."

Nilimuuliza swali ambalo kila mtu alikuja kuniuliza baadaye: ni nini kinachovikuza?

Sitajaribu kuwa daktari hapa. Nitasema nilivyoelewa kama fundi. Alisema kila seli ya mwili ina maagizo ya kazi yake, nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Nakala niliyopewa na baba yangu ilikuwa na kosa. Nikawaza vile karatasi ya kukatia nguo ikikosewa, kila gauni linalokatwa kwayo hubeba kosa lilelile, hata fundi awe hodari namna gani. Nakala ya mama hulinda seli kwa muda. Lakini katika seli moja hapa na nyingine pale, hiyo nayo huharibika, na seli hiyo husahau kwamba inapaswa kutulia. Inajigawa, inajigawa tena, inageuka kifuko na kuvuta maji ndani.

"Na kuna kitu kingine kinachovichochea," akasema. "Mwili ukiona kiu, hutoa homoni ya kuzuia maji yasipotee. Homoni hiyo huviambia vifuko viendelee kujaa. Ndiyo maana wale tunaowapata mapema tunawaambia wanywe maji sana. Kuna hata dawa ya kuizuia, ingawa kuipata huku kwetu ni shida. Lakini figo zako zimeshachoka, Mama Wanja. Wewe tutashughulika na presha, tuone zitatufikisha wapi."

"Daktari, mtu anaweza kutiliwa hivi vifuko? Kwa chakula, au kwa kinywaji?"

Nafikiri hakuwa akisikia swali hilo kwa mara ya kwanza. "Hapana," akasema. "Hakuna uji wala chai inayoweza kufanya hivi. Hii ni damu ya ukoo."

Mimi sikuwa nimetaja uji. Ni yeye aliyeutaja.

Figo zilinifikisha mbali kidogo. Nilimeza tembe za presha, nikaacha chumvi, nikaendelea kushona sare za shule. Mama nilimwambia kwa simu kwamba nina presha, basi. Mvua za Novemba zikaja na kuondoka. Halafu ikafika kiangazi kimoja kikali ambapo nyama ilianza kunuka kwangu kama chuma. Nilikuwa nikitapika asubuhi. Ngozi ikaniwasha usiku na mchana, na siku moja nilijiona kwenye kioo cha wateja, nimekaa kwenye kiti najikuna mikono, na nikamwona baba.

Wiki hiyohiyo walinitia mpira shingoni na kuanza kunisafisha damu kwa mashine. Wengi huita dayalisisi. Kwa mtu anayekwenda kuanza, nitasema ukweli: siku ya kwanza inatisha, ya pili inachosha, na baada ya hapo inakuwa kazi kama kazi nyingine. Unafika asubuhi, unapimwa uzito, unakaa kwenye benchi ukingoja mashine ya mwenzako ioshwe. Kwenye benchi hilo watu hawaulizani majina kwanza. Wanaulizana, "Wewe ni siku gani?" Mimi nilikuwa Jumanne na Ijumaa.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Mzee Nyaga, mkulima wa majani chai kutoka Kibugu. Mtu wa mashine haruhusiwi kunywa maji ovyo, kwa sababu figo haziyatoi tena, yanabaki mwilini na kukuzamisha. Kikombe kimoja ugawe mchana kutwa. Na mimi nilikuwa nikirudi Kiritiri, ambako mwezi wa pili hata kivuli kina joto. Nilikuwa nikitazama mbuzi wa Njeru wakinywa kwenye karai nikawaonea wivu. Mzee Nyaga alijua. Mashine zikianza kuzunguka aliniambia, "Fumba macho, mama. Leo kwetu ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Majani yanadondoka maji. Ukipita katikati ya mistari, sketi yako inalowa hadi hapa." Na kweli koo langu lilipoa.

Alifariki wakati wa mvua ndefu. Ijumaa moja nikakuta kitanda chake kina mtu mwingine, msichana aliyekuwa akitetemeka. Nilimwambia yale ya siku ya kwanza na ya pili.

Baadaye walinishona mshipa kwenye mkono wa kushoto, wa kuchomea sindano za mashine, ili wautoe ule mpira wa shingoni. Ukiweka sikio pale unasikia unanguruma kama paka. Wanja alipokuja likizo alisikiliza kwa muda mrefu. "Ina maana na mimi ninaweza kuwa na ugonjwa huu, si ndiyo?" akaniuliza. Nikamwambia inawezekana, nusu kwa nusu. Nikamwambia picha ni yake, siku ni yake, na hakuna atakayemsukuma. Akaitikia kwa kichwa na kwenda kuosha vyombo. Nilisikia maji yakitiririka muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwepo.

Ndugu yangu Kirimi, anayenifuata kwa kuzaliwa, alitoka Muthara kuja kutoa figo yake. Hakuombwa. Alifika na shati lake la harusi. Njeru alikuwa ameshakataliwa kwa sababu ya sukari, kwa hivyo nilimkumbatia Kirimi nikalia. Kabla ya vipimo vingine vyovyote walimpiga picha. Alipotoka kwenye kile chumba nilijua kwa mwendo wake.

"Ninavyo," akasema. "Havijafika vyako, lakini vimejaa."

"Kirimi—"

"Nilikuwa mzima, dada. Jana nilikuwa mzima. Nimekuja kukusaidia mkanitafutia ugonjwa."

Alirudi Muthara siku ileile, akaacha kupokea simu zangu. Katika yote niliyopitia, sindano na kiu na kutapika, miezi ile ya ukimya wa Kirimi ndiyo sipendi kuikumbuka. Mke wake ndiye aliyekuwa akiniambia kwa siri: anameza tembe zake za presha, anakunywa maji, anabeba chupa hadi shambani. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Yeye alikuwa akilazimishwa kunywa yale niliyokatazwa mimi.

Mwishowe ni yeye aliyepiga simu. "Mama anasema nimerogwa," akasema. "Tumbo langu limeanza kuonekana. Anataka kujua nilikula wapi. Dada, njoo umwambie. Mimi nimeshindwa."

Daktari alinipangia vizuri kati ya Ijumaa na Jumanne, tukaenda na Njeru. Mama amezeeka, lakini masikio yake ni mazima. Nilimwambia yote kwa Kimeru, polepole: vifuko, nakala mbili za maagizo, damu ya ukoo. Nilimfunulia tumbo langu akaligusa. Kirimi akafungua shati lake. Mama aliligusa la Kirimi pia, akavuta mkono kama ameungua.

"Ni tumbo la baba yenu," akasema.

"Ndiyo, mama. Na yeye alilipata kwa wazazi wake."

Kuku waliingia ndani na hakuna aliyewafukuza. Kisha akauliza, "Na ule uji ulikuwa na nini?"

Kirimi ndiye aliyejibu. "Ulikuwa uji, mama."

Mama alijifunga leso kichwani, akafungua tena, akajifunga upya. Akasema apelekwe kwa Mama Mwiti. Tulimwambia kesho. Akasema hapana, kesho atakuwa ametafuta sababu ya kutokwenda.

Mama Mwiti alikuwa akitandaza maharagwe uani. Alituona tukiingia, akasimama, hakutukaribisha wala kutufukuza. Mama yangu hakujua pa kuanzia. Akasema, "Nimekuja kunywa uji wako."

"Uji sina," Mama Mwiti akajibu. "Niliacha kupikia watu."

Kisha akatuletea viti. Nilimweleza yale niliyomweleza mama. Alisikiliza huku akiokota mawe kwenye maharagwe. Nilipofika mahali pa kusema ugonjwa huu una presha, na kwamba kwa watu wengine hupasua mshipa wa kichwa ghafla, mikono yake ikasimama.

"Baba Mwiti alishika kichwa," akasema.

"Siwezi kuapa ndiyo hiyo, mama. Lakini daktari anasema inafanana."

"Kwa hivyo waliozikwa ni wawili kwa jambo moja." Alimtazama mama yangu. "Na mimi wa tatu, nikiwa hai."

Mama yangu alishuka kwenye kiti akapiga magoti juu ya maharagwe. Mama Mwiti hakumwinua. Alimwacha pale muda, na nadhani ilikuwa haki yake. Halafu akamwambia, kwa sauti ya uchovu tu, "Amka, unaniharibia maharagwe." Tuliyaokota sote.

Kabla hatujaondoka nilimwomba jambo moja: mtoto wake wa pekee, Mwiti, apigwe picha. Mwiti ni mwalimu, mtu wa miaka thelathini na kitu. Alikwenda wiki hiyo. Figo zake zilikuwa safi, laini pande zote. Nilishukuru Mungu kama vile ni zangu.

Halafu Mwiti akanipigia simu. "Dada, kama zangu ni safi, moja ni yako. Nimeshauliza hospitali."

Sikulala vizuri. Asiyewahi kuishi kwa mashine hawezi kujua maneno hayo yana uzito gani. Lakini siku mbili baadaye Mama Mwiti mwenyewe alipiga simu.

"Gatwiri, nimesikia alichokuambia Mwiti."

"Ndiyo, mama."

"Nisikilize usinichukie. Mume wangu alikufa, na watu wakanitupa. Huyu ndiye aliyebaki akila kwangu. Siwezi kukubali akatwe. Labda nina moyo mbaya kama walivyosema."

Nilikuwa nimesimama dukani na gauni la mtu mkononi. Nilifikiria Wanja. Nilifikiria kama angekuja mtu kutoka nyumba iliyonidharau, akamtaka mwanangu.

"Huna moyo mbaya," nikamwambia. "Hata mimi nisingemtoa Wanja. Nitamwambia Mwiti akusikilize."

Nilisikia tu pumzi yake, kisha simu ikakatika. Nilimpigia Mwiti nikamwambia ahsante, na kwamba sitaipokea. Nilikaa chini ya meza ya kukatia nikalia mpaka koo likakauka, na maji ya siku hiyo yalikuwa yameisha.

Sasa naandika haya nikiwa bado kwenye mashine. Ubaya mkubwa umepita. Nimejifunza mwili wangu: najua uzito wa maji kabla ya mizani kuniambia, najua siku ya kukataa wali wenye chumvi msibani bila kumuudhi mtu. Nashona siku nne kwa wiki. Kirimi anafanya kazi zake, presha yake imetulia, na tumbo lake halijakua tangu tulipoonana. Wanja bado hajachagua siku yake, nami sijamuuliza. Nikikutana na mtu aliyeambiwa ana vifuko hivi, nasema jambo moja: waambie ndugu zako leo, hata kama watakuchukia kwa muda.

Wakati wa mvua za mwisho nilikuwa kwenye benchi nikingoja mashine, nikaona wanawake wawili wazee wakiingia getini polepole, mmoja amemshika mwingine mkono kwa sababu sakafu ilikuwa na utelezi. Walikuwa mama yangu na Mama Mwiti. Walikuwa wametoka Muthara alfajiri. Sikuwa nimeambiwa.

Sista alitoka akasema nafasi ipo, niingie. Akawaona. "Anayeruhusiwa kuingia na mgonjwa ni mmoja tu. Nani ni mama yake?"

Nilimtazama mama. Yeye alikuwa ameshakaa kwenye benchi na kuweka kikapu mapajani.

"Ni huyu," akasema, akimwonyesha Mama Mwiti.

Mama Mwiti alisimama palepale kidogo. Kisha akavua viatu mlangoni kama wanavyotaka, akanifuata. Aliketi karibu na mkono wangu wa kushoto. Damu ilipoanza kupita kwenye mipira ya mashine akashika ukingo wa kitanda.

"Hiyo yote ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Na inarudi?"

"Inarudi."

Akaitazama ikizunguka, akavuta kiti karibu zaidi. "Basi lala," akasema. "Nitaiangalia."